Uzi wa Mafundo Matatu

Lori tuliliuza Oktoba
kwa kijana wa Hibbing aliyehesabu noti zake mara mbili
na asiulize habari za mlango uliogoma kufungika.
Tukabaki na gari dogo la rangi ya haradali,
gari la kwenda kanisani na kwa daktari wa macho,
buti lake kama sanduku la mkate.

Nawe, Wendell, ziwa lilipoanza kuganda
ukawa unasimama dirishani usiku
kulisikiliza likinguruma,
barafu ikijinyoosha mifupa.
Hukusema neno.
Kimya chako nakijua, kina urefu na upana.

Futi ya chuma ilikwenda na lori, chini ya kiti.
Basi nikachukua uzi wa sufu, mwekundu,
masalio ya soksi za Kaarin,
nikaingia butini kwa magoti kabla ya kahawa.
Baridi nayo ilikuwa na nyuzi zake:
ishirini, chini ya sifuri.
Fundo la kwanza, upana.
La pili, kimo, hadi pale kitaa kinapochomoza.
La tatu nililifunga kwa meno,
vidole vilishakufa ganzi:
mshazari, toka kona ya jeki
hadi mgongo wa kiti cha nyuma.

Dukani, Tauno alituonyesha kwanza lile la wakubwa,
hema lililoshonewa sleji,
unalifunika kwa mkono mmoja kama kawa juu ya chakula.
Viti viwili ndani, na tundu la kuwekea kikombe.
Ulilipapasa kama mtu anayepapasa farasi wa jirani.
Uzi ukapungua shubiri mbili.
Nikauvuta.
Uzi wa sufu huvutika;
buti la gari halivutiki.

Kisha likaja la mtu mmoja,
jepesi, la kutia kwapani.
Ukasema, "Hili latosha."
Nikakutazama.
Miaka thelathini na minane, halafu mtu asema
la mmoja latosha!
Nikalirudisha rafuni mwenyewe,
na nikalirudisha kwa kishindo.

La tatu lilifunguka kama mwavuli,
kuta nne zikatoka tumbo mbele, pu, pu, pu, pu,
na likifungwa likawa refu, jembamba,
kama mgonjwa katika mfuko wake wa kulalia.
Mshazari tu ndio uliolikubali,
na nusu ya kiti cha nyuma ilazwe,
na kichwa chake kitokeze kati yetu wawili.
Kaarin, kwa simu, akasema haidhuru,
yeye ataketi nusu iliyobaki,
mradi hema asiliite hema. Aliite Bwana Fito.

Tauno aliucheka uzi wangu,
kisha akauazima, ampimie mteja mwingine.

Jumamosi tukaondoka.
Ndoo nimeipakata, keekee imelala kati ya miguu yangu,
jiko la gesi liko pale ambapo viatu vya Kaarin vingekuwa,
na viatu vya Kaarin viko juu ya Bwana Fito.
Kila ulipokanyaga breki
alinigonga bega
kama mtu aliyekumbuka jambo.

Gari tuliliacha ufukweni.
Mahema arobaini juu ya barafu, yote meusi kwa mekundu,
nikaufunga uzi kwenye zipu ya letu.
Ndani mlinuka nailoni mpya na soksi.
Saa tatu, sangara mmoja.
Kaarin akataka apimwe, na uzi ukafunguliwa:
hakufika hata nusu ya fundo la kwanza.
Tukamrudisha tunduni,
akaenda bila kuaga.

Ukacheka, Wendell. Sauti ikagonga kuta nne
ikarudi kwetu, haina pa kutokea.

Sasa giza linaingia na upepo umegeuka,
na limebaki moja tu, kulikunja.
Karatasi ya maelekezo inasema dakika mbili.
Haisemi ni dakika za nani.