Ndiyo Mara Mbili

Mpiga picha wa mji mkuu ameniambia nisogee.
"Kando kidogo, binti. Hapa nawataka weusi."
Nikasogea. Nywele zangu ni za mama,
Mwamuzgo wa milimani, mfumaji:
zimenyooka kama mvua isiyo na upepo.
Miguu ni ya baba,
lakini yeye anapiga kuanzia kiunoni kwenda juu.

Gogo tunalochezea alilichonga babu mdogo Melquiades,
mti mmoja wa parota, kichwa cha ng'ombe mbele, mkia nyuma,
tumbo amelikomba lote.
Lifudikize juu ya shimo kama mtumbwi uliokataa maji:
linanguruma hata kabla hujalikanyaga vizuri.
Zamani bibi harusi alipandishwa hapo na viatu vipya,
alfajiri akashuka navyo, soli hazipo.

Fidla ya Catarino, wanasema, ni ya Wahispania.
Leso tunayopeperusha waliiacha Acapulco mabaharia wa Chile
wakikimbilia dhahabu ya kaskazini,
kama mtu anavyosahau mwavuli.
Taya la punda, meno yakichezacheza mfupani,
hilo halina cheti cha kuzaliwa.
Na unyayo?
"Unyayo waliuleta wenyewe," husema shangazi Ninfa,
"kwa mnyororo. Hawakujua wamebeba nini."
Kisha anaomba wembe wa kukwangua sugu.

Mwaka wa sensa alikuja kijana na kishikwambi, jasho tele.
Je, unajihesabu mweusi? Ndiyo au hapana.
Baba: ndiyo. Shangazi: ndiyo, na uandike kwa herufi kubwa.
Mama akajibu kwa lugha yake, kijana akatafuta mkalimani,
mkalimani nikawa mimi.
Zamu yangu ilipofika nikasema ndiyo kwa huku,
ndiyo kwa kule.
Akaandika moja. Kitufe, alisema, hakibonyezwi mara mbili.

Sasa jua limeshuka hadi pembe za gogo.
Catarino anasokota uzi wa nne, unaolegea tangu Pasaka,
hamtazami mtu.
Shangazi anateremka akichechemea: "Panda wewe. Kidole kinaniua."
Navua ndala.
Mbao bado ina joto la nyayo zake.
Kisigino, kidole, kisigino, na taya linakwaruza nyuma yangu,
na kule chini shimoni kitu kinaitikia kwa sauti nene,
mavumbi yanatoka pembeni kama pumzi.

Mpiga picha anageuka.
Begi ameshalifunga zipu.