Daftari la Msako

Karani ni mimi, kwa kuwa hati yangu inasomeka
na biki ninayo.
Tumekaa ukumbini kwa Dadi, Konde, baada ya isha,
juu ya magunia ya karafuu yaliyobakiwa na harufu tu,
na daftari la hesabu la mwanangu, kurasa za nyuma.

Andika, anasema Dadi. Nyavu kumi na mbili.
Naandika kumi na mbili. Mjaka anakohoa:
nne zimeliwa na panya,
na mmoja mkewe ameufanya uzio wa kuku.
Nakata. Saba.

Andika mikuki. Andika mapanga, tupa ya kunolea,
betri za tochi, zile nene,
si za dukani kwa Asaa zinazokufa ukizitazama.
Andika muhogo wa kuchemsha, chumvi, maji,
na kanga moja kuukuu
ya kumfungia mtu paja.

Hapo tukanyamaza.
Kuna paja moja tunalolijua sote.

Mbwa sita. Majina yao, wasije wakapotea bila jina:
Sijali. Tajiri. Watasema. Mwache Aringe.
Wawili wa Mjaka bado hawajaitwa kitu.
Ngwali mwenye kirikuu hataki mbwa garini mwake;
nitaosha mara saba, anasema, na udongo nitautoa wapi?
Mtu wa Pemba huyu, kidongo chekundu mpaka masikioni,
anauliza udongo.

Bwana Misitu ametupa karatasi yenye muhuri.
Pembeni tu, upande wa mashamba ya Makangale.
Ngezi ndani msiingie. Mti msikate. Popo msiwaguse.
Mjaka akaigeuza karatasi, akatazama nyuma yake:
Na nguruwe naye kapewa yake?

Mzoga je? Hilo haliandikwi.
Yuko mtu wa bara, kule kambini,
atakuja na gunia lake kabla hakujapambazuka vizuri
na sisi tutakuwa tunatazama baharini.

Nikachora msitu kwa njiti za kiberiti:
huku mivule, huku kijito, huku nyavu.
Bi Mchanga akatoka ndani na birika,
akamimina chai, akatazama,
akachukua njiti moja akaihamisha
dole tatu kuelekea kijitoni.
Wanapita hapa, akasema. Nimelala dunguni miezi miwili,
nikipiga debe. Nyinyi mlikuwa mnalala wapi?
Akaweka juu ya daftari kipande cha muhogo
chenye alama za meno, bado kina utomvu.
Ukurasa ukalowa. Hakuna aliyekitoa.

Kisha ukaja mlango wa wavu. Nani akae mlangoni?
Dadi akashika ndevu. Ngwali akakumbuka tairi lake.
Mie, akasema Shaame,
kutoka kule pembeni alikonyoosha mguu
ule usiokunjika tangu mwaka juzi.
Mie nakujua anakuja vipi. Haji kwa juu. Anakuja chini,
kama jiwe lililotupwa na mtu mwenye hasira.
Nikaandika: Shaame, mlango.
Wino ukakwama kwenye mim, nikarudia,
nikarudia, mpaka karatasi ikatoboka.

Saa tano tukaagana. Jumamosi, saa kumi alfajiri,
atakayechelewa aachwe.
Nikashika njia ya nyumbani, daftari kwapani,
na nyuma ya jiko letu, hatua thelathini toka kitanda cha watoto,
nikasikia: kwacha. Kwacha. Kwacha.

Nikazima tochi. Mama mmoja, na wadogo watano,
migongo yao ikipanda na kushuka kwenye matuta ya mke wangu.
Sina wavu. Sina Sijali, sina Tajiri.
Nina biki.

Jumamosi, nikawaambia kwa sauti ya chini,
kama mtu anayemwahidi mdai wake.
Mama akainua kichwa, akanusa upande wangu.
Wakaendelea kula.