Sinia la Tatu

Nilijua kuhesabu kabla sijapelekwa shule.
Nilihesabu hatua za baba
kutoka bombani hadi mlangoni petu, Mikanjuni.
Zikiwa kumi na mbili, kanywa kidogo, tutalala.
Zikifika ishirini, miguu inatafutana,
nami nishaingia uvunguni,
mdogo wangu Hoza nimemziba mdomo kwa kanga
ya mama, aliyekwenda Korogwe kuuguza
wakamzika huko huko.

Zaidi ya ishirini sikupata kuhesabu.

Shangazi Mwanamkasi alikuja siku moja mchana.
Hakupiga hodi, hakukaa.
Alimwambia kaka yake maneno,
mimi nililisikia moja: "Basi."
Akatuchukua, mmoja mkono huu, mmoja huu,
hadi Ngamiani, Barabara ya Kumi na Nane,
kwenye chumba kinachonukia iliki na mafuta ya jana.
Usiku ule nikasikia hatua, nikaanza: moja, mbili, tatu.
Alikuwa yeye,
anakwenda kuloweka mchele.

Shangazi hana saa. Ana chuma cha vitumbua,
mashimo saba, moja bovu.
Aliponiona juu ya baiskeli ya mwanawe Kibwana
nawapita vijana wa mkate, akasema:
"Kama mbio unazo, usizimwage mtaani bure.
Nenda Pongwe.
Rudi kabla sinia la tatu halijajaa."

Sikuwahi. Mwezi mzima sikuwahi.
Muadhini bado anakohoa kwenye kipaza sauti
mimi nishaipita Kange,
malori ya mkonge yananitemea vumbi la jana;
nikirudi, la tatu limejaa, la nne limeanza,
naye hageuki, anageuza kitumbua:
"Kesho."

Kibwana akazing'oa madigadi, akang'oa kibebeo,
akang'oa na kengele. "Utapiga kelele kwa mdomo."
Usiku analizungusha gurudumu, anazisikiliza spoki
moja moja, kama mtu anayemshika mgonjwa mshipa.
Ujira aliodai ni mimi kuamka.

Siku moja sikuamka. Kulikuwa na arusi Makorora,
nimecheza hadi nyayo zimevimba.
Shangazi hakunena. Akanimiminia chai,
na pembeni akaweka kitumbua cha kwanza,
kile cha kuonjea moto, kinachong'ang'ania chuma
kikatoka vipande, tunachowatupia kuku.
Nikakila chote.

Mashindano yalikuwa Muheza, kwenda na kurudi.
Wanawake tisa, wengine na baiskeli nyembamba kama paa.
Kwenye kilima nikahesabu pedali:
kumi na mbili, napumua.
Hesabu ni ile ile, ila sasa miguu ni yangu.
Kumi na tisa. Ishirini.
Ishirini na moja.
Ishirini na mbili, na kilima kinaisha,
na namba, kumbe, zinaendelea.

Karibu na Kange, baba.
Shati kalifunga vifungo hadi shingoni,
kaunyoosha mkono barabarani.
Mwili wangu ulikwepa kabla yangu.
Ndipo nikakiona kikombe.
Maji yakanimwagikia gotini, ya baridi,
ya kutoka mtungini kwa mtu, maana yeye mtungi hana.
Sikusimama.
Goti likakauka kabla ya Mkwakwani;
mpaka leo nalisikia limelowa.

Nilikuwa wa nne. Wa nne hupewa mkono tu.
Hoza kapiga kelele hadi sauti imekatika,
ananionyesha kwa vidole vinne kama vile ni ushindi,
Kibwana anaiinamia baiskeli, mimi hata hanitazami.

Shangazi akapita kwenye kamba, mlinzi akamwachia.
Unga kwenye nyusi, sinia kichwani, kawa juu yake.
Hakuuliza nimekuwa wa ngapi.
Akalitua majanini, akafunua.
Vitumbua vimepangwa duara kwa duara,
na katikati pengo,
pa kitumbua kimoja.

"Hili la tatu," akasema.
"Halijajaa."