Aanze Kwake

Bei ni shilingi mia kwa ukurasa,
mia na hamsini wino ukipanda Kariakoo.
Nawaambia hivyo kila wiki,
na kila wiki Sheweji husema nimkopeshe,
makala yake ni ya taifa.
Taifa halina daftari la madeni hapa, namjibu.

Duka langu ni chumba kimoja, Magomeni Mapipa:
mashine ya fotokopi, kompyuta iliyofutika herufi A,
na benchi nililowanunulia wateja wa vyeti vya kuzaliwa,
likatekwa na siasa.

Akwilina huleta mwandiko wa mkono, kalamu ya bluu,
mistari imenyooka kama sare iliyopigwa pasi.
Anapinga ushuru mpya wa meza.
*Mama wa vitumbua alipe sawa na mwenye friji mbili?
Hiyo si hesabu,* ameandika, *ni kiburi kilichovaa miwani.*
Nilipofika hapo vidole vilisimama.
Nikaichapa tena sentensi hiyo, peke yake,
nikaibandika juu ya soketi.

Sheweji akaja jioni, akaisoma ukutani.
Nani huyu? Nikamtajia.
Akacheka kwa pua.
Wiki iliyofuata akaniletea kurasa sita
(sita, mtu wa mkopo!):
*Dada yangu anadhani mitaro huzibuliwa kwa huruma.*
Tarakimu zimesimama safu kwa safu
kama wanafunzi mstarini kabla jua halijawachoma,
mvua ya mwaka juzi, gharama ya lori moja la taka,
na chini kabisa, kwa herufi ndogo:
*Anayesoma hii kabla ya yake amenidhulumu.
Aanze kwake. Kisha aje kwangu tugombane.*

Wa tatu ni Mbonea, fundi simu.
Yeye hoja hana, ana robo ukurasa tu:
*Wiki hii soma Akwilina, aya ya tatu, mara mbili.
Sheweji ruka utangulizi, aliamka vibaya.*
Robo hiyo huifikisha saluni za Kigogo na Mburahati,
na watu hunyoa ndevu wakibishana
juu ya mitaro wasiyoivuka.

Ijumaa moja walikutana wote, benchi likalia.
Hujui njaa wewe, alisema Akwilina.
Na wewe hujui maji, alisema Sheweji,
maji yakipanda mpaka dirishani usiku.
Umeme ukakatika.
Ukurasa wa nne ukabaki nusu, umebanwa na meno ya mashine,
nao hawakunyamaza, sauti zikatafutana gizani.

Mimi nilinyamaza.
Niliwahi kutoa nakala ya barua ya mama yake Sheweji,
godoro moja, cherehani, sanduku la vyeti,
vyote vilichukuliwa na mafuriko, naomba kufikiriwa.
Niliwahi kuchapa leseni ya meza ya mama yake Akwilina,
biashara: *vitumbua na chai*,
mtaji: akasita, akasema niandike sifuri iliyo nzuri.
Mwenye fotokopi ni kama mkunga,
ameona vingi, na kesho atawaamkia vizuri.

Umeme uliporudi Sheweji alikuwa ameshika karatasi ya mwenzake,
anamsahihishia koma.

Jana kaja mtu wa kata, shati la mikono mirefu, joto hili.
Kataka nakala zote mbili.
Kauliza waandishi wanakaa wapi.
Hapa huja karatasi, nikamwambia, watu huenda kwao.
Akapapasa kurasa, akatazama ukuta,
akaisoma ile ya soketi, midomo ikicheza.
Halafu, sauti imeshuka:
Nianze na ipi?

Ya dada, nikasema. Kaka mwenyewe ndiye aliyeagiza.

Sijui kaenda kusoma au kushtaki.
Nilimtoza mia na hamsini.