Kifungu cha Maslahi

Barua za uteuzi nilizichapa mimi, zote kumi na moja,
Jumatatu, umeme ukikatika na kurudi.
Sheria inataka mhandisi, msanifu majengo,
mpimaji, mwanasheria, mtu wa mipango miji,
na mmoja wa kuwasemea wenye ulemavu.
Kila mmoja miaka mitatu; Waziri akipenda, mitatu tena,
basi.
Kiti huwa wazi kwa kifo, kwa kufilisika,
kwa kifungo kipitacho miezi sita,
kwa kukosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru.
Neno kifo nililikosea mara mbili.

Hakuna palipoandikwa: mbeba zege.
Nilitafuta. Si kwamba nilitumwa kutafuta.

Kikao cha nne, Kampala, ghorofa ya tatu,
lifti imekufa tangu Pasaka.
Bi. Asekenye alipanda vidato sitini na viwili
kwa magongo yake, ko, ko,
nasi tumekaa, tunamsikia akija.
Mhandisi Kabwigu alikuwa anamenya karanga.

Ajenda ya pili: jengo la Mbale,
lile lililolala chini kabla ya kuezekwa,
ripoti yake imefika baada ya miaka sita.
Mwenyekiti akasoma kifungu, kama ada:
mjumbe mwenye maslahi katika jambo lililo mezani
ayataje, kisha atoke, asipige kura.
Mpimaji akakohoa.
Bi. Asekenye akainua gongo moja.

"Nina maslahi. Mguu wangu uko kule.
Nilikuwa nawapelekea vibarua uji, saa nne asubuhi,
ndoo kichwani, vikombe mkononi.
Nguzo ilitoa mlio wa muwa unaovunjwa gotini.
Mguu sikuudai. Hata sijui waliuzika wapi."

Mwanasheria akafungua kitabu, akalamba kidole.
Maslahi, kwa mujibu wa sheria hii, ni fedha,
ni hisa, ni zabuni, ni undugu wa damu.
Mguu haukutajwa.
Mwenyekiti akanigeukia: Umeandika nini?
Nikasema, bado, mheshimiwa, nasubiri.

Wakabishana hadi chai ikaota ngozi.
Kama mguu si maslahi, abaki.
Kama ni maslahi, atoke,
na akitoka akidi haitimii,
na akidi isipotimia hakuna kikao,
na pasipo kikao...
(Posho hakuna aliyeitamka. Wote waliipigia hesabu.)

Mwishowe akawakatia shauri mwenyewe:
"Nishuke vidato vyote vile, halafu mniite tena?
Nitakaa hapa mlangoni. Kura sipigi.
Ila someni kwa sauti.
Someni kipimo cha zege. Someni na majina."

Wakasoma. Saruji karai moja, mchanga karai tisa.
Kabwigu akaziacha karanga.
Majina yalikuwa kumi na matatu,
msanifu Nalwoga akiyasoma polepole,
akiyakosea yale ya Kigisu.
La sita: Wamono, kibarua, umri haujulikani.

Umri unajulikana.
Alizaliwa mwaka wa maporomoko, mimi nikiwa darasa la tatu,
nikambeba mgongoni kwenda kisimani
hadi akawa mzito kuliko mtungi.

Undugu wa damu, kinasema kifungu.
Lakini kinasema mjumbe. Karani hakutajwa.
Sikuinua mkono, sikutoka.
Nikaandika walichosema, neno kwa neno,
isipokuwa pale mbele ya jina la sita,
ambapo nilifuta maneno mawili
nikaweka: 19.