Usi—

Mkate wa duka umepanda tena.
Faki ukimuuliza hajibu, ananyoosha kidevu
kwenye karatasi aliyoibandika juu ya mizani:
"Bei si yangu."

Basi nimekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi,
uani kwetu, Ngamiani, barabara ya kumi na tano,
nahesabu kiganjani:
unga nusu kilo, mia tisa,
hamira ya kufungiwa karatasini, mia mbili,
sukari ipo, ya kugongagonga kopo,
chumvi ipo,
nazi ya kupewa, ina ufa ila haijachacha,
mkaa ni ule wa maharage ya jana, nusu umeshakufa.
Elfu moja na mia.
Wa Faki ni elfu moja na mia nane, na ukiubana ngumi
unabaki tonge.
Wangu utatosha watu watano.

Kama utaumuka.

Mwanjaa yuko Muheza, anamuuguza mamaye.
Ameniachia watoto wanne
na sufuria yenye kifuniko kisicho chake.
Mimi nilikuwa mshona magunia.
Kiwanda kimefungwa, sindano ninayo bado,
lakini sindano haikandi.

Nikampigia. Akasema mbiombio, kwa salio la kudokoa:
"Maji yawe vuguvugu, ya kumwogeshea kichanga.
Hamira ikitoa povu, ujue iko hai.
Kanda mpaka unga uache kukung'ang'ania.
Moto mwingi juu ya kifuniko, chini wa kuonekana tu.
Na kubwa kuliko yote, baba Tatu, usi—"

Ikakatika.

Usi-nini?
Lugha yetu nayo ina ukatili wake:
katazo hutangulia,
kitendo huja nyuma, kama salio limebaki.

Jumatatu nikasema, labda usikande sana.
Nikakanda kwa adabu, kama namsalimia mkwe.
Ukatoka kigae.
Mbaruku, mwenye miaka sita, akaugonga kwa kijiko,
akauliza huu ndio mkate au ndio kifuniko.
Tukauloweka kwenye chai, ukazama.

Jumatano, labda usitie chumvi.
Ladha ya kitambaa.
Na nilikuwa nafunua kila dakika,
nachungulia kama mwenye wivu,
moto wa juu ukawa unashuka na majivu yake mle ndani.
Mama Shekue akapaza sauti ukutani:
"Baba Tatu, unachoma nguo?"

Ijumaa sikumfuata mtu.
Nikakanda nilivyokuwa nikivuta uzi wa katani,
bega likiingia kazini, ulimi ukiwa kimya,
tui likapita vidoleni, donge likaacha kunishika.
Nikalifunika kwa kipande cha gunia,
la mwaka wa mwisho, mshono wangu mwenyewe.
Likavimba
kama shavu la mwenye jino.

Kisha nikalikalia, si donge, mikono yangu.
Watoto wakakaa wakaninusia hewa.
Tatu akawa anasema "bado" kabla sijauliza.

Ukatoka upande mmoja mweusi,
upande wa pili rangi ya embe bolibo.
Nikaukata kwa uzi, kisu kiko Muheza.
Katikati umejaa vishimo vidogovidogo, laini,
mvuke ukapanda, hakuna aliyesema neno
isipokuwa Mbaruku: "Huu ndio."
Ukoko mweusi nikaula mimi. Sikuuchukia.

Jumapili Mwanjaa akapiga, simu ya muuguzi.
Mama anakunywa uji sasa, akasema, anagombana na kila mtu,
kwa hiyo amepona.
Nikamwuliza hata kabla ya kushukuru:
siku ile, usi-nini?

Akanyamaza, akitafuta.
"Aa! Usisahau kumrudishia Faki kopo lake."

Nikaligeukia. Liko pale juu ya pipa,
kingo zimeganda unga.
Ndilo nililokuwa nikipimia
wiki nzima.

Nitalirudisha, nikamwambia.
Kesho.
Nikishakanda.