Ishirini na Moja

Dundee, mvua ya ubavuni.
Nesi Morag alinifunga mkanda wa presha,
ukavimba, ukabana, ukaachia.
"Safi," akasema. "Unavuta sigara?
Mguu uliwahi kuganda damu?
Kabla kichwa hakijauma, huona vimulimuli?"

Hapana, nikajibu, na papo hapo
nikamkumbuka dada yangu Mwanaidi
kwenye ngazi, gizani, kaziba jicho moja,
akisema kuna msumeno wa nuru ukutani.

Vidonge vyangu ni punje za mtama,
homoni mbili katika kila kimoja.
Huliambia yai: lala, bado.
Na mlangoni ute huwa mzito kama uji wa jana,
mbegu ikija inakwama.
Siku ishirini na moja, kisha saba za kupumzika,
damu hupita kidogo tu,
kama mgeni aliyerudia mwavuli wake.

Mwanaidi aliniomba pakiti.
"Tumenyonya ziwa moja, itanikubali."
Tumevaliana kila kitu sisi:
kanga, makoti, hata viatu vya theluji.
Nikamnyima.

Alininunia hadi Alhamisi.

Leo yumo kwa Morag, mlango umefungwa.
Nasikia "kiharusi", halafu kimya,
halafu kile kicheko chake cha puani.
Anatoka na pakiti nyingine,
ya homoni moja, isiyojua likizo.
"Yangu haina uvivu kama yako," ananiringia,
na tunajibana chini ya mwavuli
usiotusaidia kitu, hadi kituoni.